Mke Wangu Amegeuza Joka Kuwa Kuku

Bariadi, Alhamisi

Kwa Baba Januarius na Mama Anna,
Wasimamizi wetu wa ndoa,
Dutwa.

Tumsifu Yesu Kristo.

YAH: MATUMIZI MABAYA YA UCHAWI KATIKA GEMU YA FAMILIA

Mtakumbuka kwamba kwenye semina ya ndoa mlitushauri mimi na Honorata tutafute jambo la kufanya pamoja. Wenzetu walichagua kwaya. Sisi tulinunua gemu ya watu wawili, ya kukomboa nchi iliyovamiwa na majoka. Mimi nilichagua kuwa shujaa wa upanga, ili nimlinde mke wangu kama nilivyoahidi mbele yenu. Yeye akachagua kuwa mchawi. Neno hilo huku kwetu haliandikwi ovyo, hivyo kuanzia hapa nitamwita Mtaalamu. Leo ulinzi wangu hauhitajiki tena ndani ya nyumba hii, na inaniuma.

1. Mtaalamu hapigani. Anawavuta maadui wote kwenye chumba kimoja, anawalaza usingizi, anajaza moshi wa sumu na kufunga mlango. Kisha anakwenda jikoni kugeuza maharage. Akirudi wamekwisha. Shujaa wangu, mwenye deraya ya chuma kifuani niliyoihangaikia tangu msimu wa kupalilia pamba, kazi yake ni kubeba vitu vya marehemu.

2. Kuna kijiji chenye ng'ombe mmoja. Honorata amegundua kwamba kila Mtaalamu anapoponya kiumbe, nguvu zake zinaongezeka. Basi anamchoma ng'ombe kwa moto mdogo, anamponya, anamchoma tena, anamponya. Nilihesabu mara mia mbili na kumi. Baba Januarius, wewe una ng'ombe. Mimi nimechunga tangu sijajua kuvaa viatu. Nilimsihi aache, akasema ng'ombe mwenyewe halalamiki. Nilitoka nje. Siku hizi nikirudi kazini, kabla hata ya kuvua viatu, nawasha gemu nimwone yule ng'ombe ameshindaje.

3. Joka Kuu. Nilijiandaa miezi mitatu, na siku hiyo niliomba ruhusa ofisini kwa shughuli ya kifamilia, jambo ambalo ni kweli. Nikapanda mlima, nikachomoa upanga. Honorata akabonyeza kitufe kimoja, joka likawa kuku. Akaniambia nimkamate. Nilikimbizana naye dakika kumi na tano mbele ya binti yetu Lukresia, ambaye alisimulia shule nzima. Sasa walimu wananiuliza kama kuku amepatikana. Hajapatikana.

4. Hili ndilo limenishikisha kalamu. Uchawi umetoka kwenye televisheni. Mwezi uliopita kaka zangu wawili walikuja kutoka Malampaka kunishinikiza nioe mke wa pili, eti kwa kuwa tuna mtoto mmoja tu, tena wa kike. Hilo lilikuwa pambano langu mimi, mume, na maneno nilikuwa nimeyaandaa. Honorata akawaketisha sebuleni, akawaletea wali, sato na maziwa mgando, sahani zilipoisha akaleta nyingine, akafunga mlango. Saa nane mchana wote wanakoroma. Walipoamka, muda wa basi umefika. Waliondoka wakimshukuru, na mimi nikawabebea mabegi hadi stendi.

Kwa hiyo naomba mwitishe kikao haraka, mumwamuru asitumie usingizi, moshi wala kuku, ndani ya gemu na nje yake. Kila adui aachiwe mume, akabiliane naye kwa upanga au kwa maneno, kadiri itakavyokuwa.

Wasalimieni wote hapo nyumbani na wanajumuiya. Lukresia anawaamkia. Honorata naye angewasalimu, ila hajui kwamba naandika.

Wenu katika sakramenti,
Luhende

NB: Sijafunga bahasha bado, kaka zangu wamepiga simu. Wanarudi Jumamosi, safari hii na shangazi, na huko Kiloleli wameshamwona binti wa watu. Nilitaka kuwajibu kiume, nikajikuta nasema karibuni sana. Jamani, mimi sitaki mke mwingine, namtaka huyu huyu. Tafadhali kikao kisifanyike kabla ya Jumapili. Na kama huko Dutwa kuna mchele mzuri, tunaomba debe zima, maana shangazi huwa hasinzii mchana.