Malalamiko Dhidi ya Mgeni wa Kileleni

Ndugu Mkuu wa Ofisi ya Milima,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na umeketi. Mimi ni fundi saa, mwenye kibanda nyuma ya posta. Kila Jumatano, kwa miaka miwili sasa, hupanda ule mlima wenu usiopandwa na mtu, nikatoa kitabu cha wageni kwenye kopo lake chini ya mawe, nikasaini. Kurasa nne nzima ni mimi tu: Fundi Saa, Fundi Saa. Kabla yangu yupo mpima ardhi mmoja aliyepanda miaka kumi na moja iliyopita, akaandika "ukungu", akaenda zake. Mtu kama huyo unaweza kuishi naye. Huku chini wateja hawaishi kuniuliza saa zao zitakuwa tayari lini. Kule juu haniulizi mtu. Lakini sasa maji yamezidi unga, na malalamiko yangu ni haya:

1. Mwezi uliopita nilikuta mtu amesaini chini yangu. Anajiita Mshonaji. Hakuomba ruhusa, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.

2. Kwenye safu ya sababu ya safari mimi hujaza "ukaguzi". Yeye kajaza "kukaa tu". Mlima ni mali ya umma, si kibaraza.

3. Kitabu mlichoweka kule ni kile kile cha getini kwenye ofisi zenu, chenye safu ya "Unakwenda kumwona nani". Nadhani vilibaki. Tangu mke wangu afariki nimeijaza safu hiyo "hakuna" mara tisini na nne, na mkono ulishazoea. Alhamisi ya wiki juzi Mshonaji aliijaza: Fundi Saa. Kuingia, saa nne. Kutoka, saa tisa. Maoni: "Sikumkuta."

4. Kwa hiyo, kwa maandishi ya serikali, nina mgeni aliyenisubiri saa tano nzima kwenye upepo, nami sikuwepo. Nimeaibika, na silali vizuri. Dada yangu, niliyemweleza kwa siri, alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akanipa methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi siumwi.

5. Kama mtu anaweza kuja kuniona kileleni, basi pale ni ofisini kwangu, na sina hata pa kukaa. Naomba meza moja, viti viwili, na kibao cha "Ametoka Kidogo". Mkishindwa, mlima uongezwe urefu. Hilo nalo likiwashinda, ufungwe kabisa kwa kufuli, na ufunguo nitautunza mimi.

Dada anakusalimu sana. Nisalimie mama watoto, watoto, na hapo ofisini wote, hasa karani wa masjala. Mwambie saa yake bado.

Ni mimi, mpenda utulivu,
Fundi Saa

Tanbihi: Suala la kuufunga mlima naliomba kwa moyo wote, ila isiwe Alhamisi. Alhamisi hii kibanda sifungui, na shati nimeshalipiga pasi. Ikilazimu iwe siku hiyo hiyo, basi njooni na kufuli lenu mnamo saa tano, tukiwa bado juu.