Shavu la Mguu wa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Miaka yote mimi ndiye mguu wa maabara. Nalala ndani ya mashine ya sumaku, nafungwa kipokezi kwenye shavu la mguu, skrini inachora vilima. Kilima kirefu ndiyo akiba ya nguvu ya msuli. Leo Profesa kamlaza shemeji, kaka wa mke wangu, dereva mpya wa maabara. Kilima chake kimepita changu! Profesa akasema hajawahi kuona akiba kama ile. Hajawahi! Kwani mimi nilikuwa nalaza gogo? Ijumaa atachagua mguu mmoja wa mfano, na mchoro wake utundikwe mlangoni. Wivu unanichoma, sifichi.

Jumanne, 4 Machi
Mpango: kumchosha. Nikamwambia lifti mbovu, apandishe maboksi ya karatasi hadi ghorofa ya nne. Akapanda huku anapiga mluzi. Mimi nyuma, namsimamia. Alipolazwa, msuli ulikuwa umeshajaza tena akiba yake yote. Akakanyaga pedali, kilima kikashuka, akapumzika, kikapanda upesi. Profesa akapiga makofi. Fundi wa mashine akaniuliza mbona nahema.

Jumatano, 5 Machi
Mezani mke wangu kampa kaka yake paja la kuku. Eti mguu wake sasa unafanya kazi ya sayansi. Paja hilo langu tangu tuoane! Nimekula shingo. Sikulala.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata dawa. Shavu la shemeji nono, langu jembamba, basi nalinenepesha. Sponji ya jikoni, soksi ndefu ya kubana juu yake. Nimejitazama kwenye kioo. Jamani, mguu!

Ijumaa, 7 Machi
Aibu. Kumbe kipokezi husikia cha karibu tu, na sponji ilikisogeza mbali na msuli. Skrini tambarare. Profesa akazungusha vitufe, wapi! Akaniuliza kwa upole kama mguu una ganzi. Nikajibu ndiyo. Kosa! Akaita daktari, daktari akakata soksi, sponji ikadondoka na povu lake. Shemeji akasema dada yake anaitafuta tangu jana.

Jumatatu, 10 Machi
Mchoro wa shemeji uko mlangoni. Profesa alitaka kunifukuza. Shemeji akamsihi, akasema bila mimi anaogopa kuingia kwenye lile tundu la mashine. Unafiki mtupu! Anataka nikione kilima chake kila asubuhi.

Lakini wangu pia umetundikwa. Chini wameandika: kipimo kisiwe hivi. Wanafunzi wanasimama mbele ya wangu muda mrefu kuliko wake, wengine wanaupiga picha. Nimemwonyesha mke wangu.

Mwezi ujao tunapima mikono. Nimegundua nilipokosea: ile sponji ilikuwa imechakaa. Nimenunua mpya mbili, na moja nimempa mke wangu, asije akaniibia yangu.