Fahali wa Mwenyekiti na Kiingereza Changu

Mabawe, Jumatatu, 13 Novemba 1978

Vijana wetu wa mgambo wanakwenda vitani Ijumaa. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Malongo, ametoa fahali achinjwe siku ya kuwaaga. Atakuja daktari Mzungu wa misheni. Tumwombe bandeji, na kwa Kiingereza, ili aelewe vizuri. Mzee alitaka hotuba aandike Mwalimu Deodata. Deodata! Mgeni wa juzi tu! Nikadakia kwamba Kiingereza ni somo langu. Nikapewa.

Jumatano, 15 Novemba

Nimemaliza. Sentensi tamu kuliko zote: "This is the bull of our chairman, who we shall slaughter today." Deodata akachungulia. Eti ng'ombe ni "which". Eti "who" ni ya watu, hapo inamwangukia mwenyekiti. Wivu! Kwa Kiswahili fahali ni ambaye, mwenyekiti ni ambaye. Waingereza wabague kwa nini? Nikamjibu kwamba nilikuwa nafundisha yeye akiwa bado anajifunza a-e-i-o-u. (Nilikuwa nafundisha kuimba.)

Ijumaa, 17 Novemba

Aibu. Aibu tupu.

Nilisoma kwa sauti kubwa, mkono nimeuelekeza kwa Mzee Malongo. Daktari akapaliwa. Mzee akauliza kuna nini. Daktari, kwa Kiswahili chake cha kubahatisha: "Yeye nasema leo nachinja wewe."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nikakaa chini kabla sijafika kwenye bandeji.

Adelfina hakucheka. Alikuwa amemshika mwanawe Ansbert, mmoja wa waliokuwa wanaondoka, mkono, anauliza watu kama bandeji zimeshaombwa. Sikuweza kumtazama. Deodata akasimama, sentensi fupi fupi, akaomba. Daktari akakubali. Lori lilipoondoka na vijana nilikuwa nyuma ya choo cha shule. Ansbert nilimfundisha mimi kuandika jina lake. Sikumpungia hata mkono.

Jumamosi, 18 Novemba

Nimekwenda kwa Mzee Malongo kuomba radhi. Shikamoo. Shikamoo tena. Marahaba ikatoka kama jino. Akasema amesamehe, ila niende nikamshukuru Deodata. Nikaitikia ndiyo, nikarudi kwa njia isiyopita kwake.

Jumatatu, 20 Novemba

Bandeji zimefika! Zitawafuata vijana kwa lori la kesho. Deodata ana homa, kwa hiyo shukrani naandika mimi. Sasa nimeelewa: "who" ni neno la hatari. Nimelifuta kabisa. "We thank the doctor which has helped our sons which are fighting." Safi!

Deodata ametuma mtu niipeleke aisome kwanza. Mgonjwa asisumbuliwe.