Chupa Iliyouzwa Mara Kumi na Moja

Nzuguni, Dodoma
Februari 2

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mnada wa Mavuno.

Mzee Abeli, shikamoo.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KINYWAJI CHANGU KUNUNULIWA BILA KUNYWEWA

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni Noeli Ndahani, muumini wa benchi la nne upande wa akina baba, mtengenezaji wa juisi ya zabibu iitwayo Raha ya Mzabibu. Tangu mavuno ya Julai nimejizuia nisiandike, mke wangu Antonia ni shahidi, lakini sasa moyo umejaa na chumba kimejaa pia. Habari za chumba nitazieleza.

Unafahamu, Mzee wangu, jinsi soko la vinywaji lilivyobanana hapa mjini. Ingia duka lolote la Nzuguni uhesabu: soda za kila rangi, maji ya aina tisa, vile vya kuongeza nguvu wanavyokunywa bodaboda, ukwaju na ubuyu wa akina mama. Rajabu wa duka la kona ni mtu mwema, alipokea chupa zangu mbili akaziweka juu ya gunia la mkaa. Kwenye friji alikataa, kwa sababu friji ni la kampuni ya soda, na wakala wao akipita akakuta mgeni humo ndani analibeba friji lake. Ndiyo maana nikatoa chupa moja mnadani kanisani. Nilitaka watu waionje. Sikuwa na jambo lingine moyoni, au kama lilikuwepo lilikuwa dogo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mnadishaji wetu, Ndugu Augustino, aliishika chupa yangu kwa kiganja kizima, akafunika lebo. Lebo hiyo ilininyima usingizi wiki tatu. Jogoo aliyenadiwa kabla yangu alishikwa miguu tu, akaonekana mzima.

2. Chupa iliuzwa, mnunuzi akalipa, akasema anairudisha kwa Bwana. Vigelegele. Ikauzwa tena, ikarudishwa tena. Najua huo ndio utaratibu wetu wa mavuno na sina ugomvi nao, hata boga hurudishwa mezani mara mbili tatu. Lakini boga hatimaye lilikwenda nyumbani kwa mtu likapikwa. Jogoo alirudishwa mara nne, na safari ya tano akapanda pikipiki kwenda kuchinjwa. Chupa yangu iliuzwa mara kumi na moja siku ileile, na hakuna aliyegusa kizibo.

3. Hapa ndipo kamati ilipoitia familia yangu hasara. Mtu mwenye akili timamu akiona bidhaa yake imenunuliwa mara kumi na moja ndani ya nusu saa, tena bei ikipanda, afanye nini? Nilipiga hesabu. Kanisa moja, Jumapili moja, wateja kumi na mmoja. Dodoma ina makanisa mangapi, na mwaka una Jumapili hamsini na mbili. Nikaenda Makutupora kwa mama yangu mzazi, mwenye shamba la mizabibu, nikamwambia asiwauzie walanguzi hata kikapu kimoja. Nikakamua zabibu zote. Chupa mia nane, Mzee. Ndizo zinazolala chumbani kwetu, na mimi na Antonia tunalala sebuleni chini ya kalenda ya kanisa.

4. Niliwatembelea baadhi ya wateja hao nyumbani kwao ili nipate maoni juu ya ladha. Mama Ritha alisema ina baraka. Mwalimu Asnath alisema aliipenda sana ilivyokuwa inapanda bei. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye sitamtaja kwa sababu ni wewe, alinikaribisha soda.

5. Chupa hiyohiyo haijapumzika. Ilinadiwa tena Krismasi, ikanadiwa kwenye harambee ya paa la ofisi, na sasa imewekwa kabatini pamoja na kombe la kwaya. Paa limekwisha na halivuji, nashukuru. Nadhani ndicho kinywaji pekee mkoani kilichoezeka jengo bila kumkata mtu kiu.

Linaloniumiza zaidi naliandika wazi. Zabibu zinaiva tena mwezi ujao. Mama ana miaka sabini na mmoja, na msimu uliopita hakuuza kitu kwa ajili yangu. Kuna bwana mwenye gari jeupe anayekuja kupima shamba lake kwa hatua za miguu, anataka kukata viwanja. Mama amesema juisi isipotoka kufikia Pasaka atampa. Mizabibu ile aliipanda na marehemu baba, na itakayoing'oa itakuwa biashara yangu. Naogopa sana, Mzee.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu kwamba, kuanzia mavuno yajayo, anayenunua kinywaji akinywe palepale mbele ya waumini, mpaka chini. Anayetaka kurudisha arudishe chupa tupu, na mzee wa zamu aikague. Mwenye kisukari alete cheti cha daktari pamoja na ndugu wa kumnywea. Majina ya wanywaji yasomwe kwenye matangazo, baada ya wagonjwa na kabla ya ndoa. Na kwa kuwa tumefika kwenye ndoa, asitangazwe mtu ambaye kamati yake ya harusi haijaagiza katoni zangu. Ikiwa haya ni mazito, basi ile chupa ya kabatini ihesabiwe kuwa muumini kamili, maana imetoa kuliko wengi wetu. Ipewe namba ya bahasha ya sadaka na nafasi ya kukaa.

Nisalimie Baba Mchungaji na Mama Mchungaji, kwaya zote mbili, umoja wa akina mama, na Ndugu Augustino pia, sina kinyongo naye.

Nabaki mtiifu wako katika Kristo na katika biashara,

Noeli Ndahani

Nyongeza baada ya sahihi: Antonia ameisoma barua hii na amekataa itoke mpaka niandike yote. Si kweli kwamba hakuna aliyegusa kizibo. Mnunuzi wa tatu alikuwa mama yangu. Alikuja asubuhi ile kutoka Makutupora, akalipa kwa noti alizofunga kwenye pindo la kanga, akarudi benchi la nyuma akaanza kufungua. Mimi ndiye niliyeinuka nikamnyang'anya, nikatangaza kwa niaba yake kwamba anairudisha kwa Bwana, kwa sababu bei ilikuwa bado inapanda na jina langu lilikuwa linatajwa vizuri. Baadaye aliniomba mojawapo ya zile mia nane, nikamwambia ni za kuuza. Mpaka leo hajaionja. Antonia amekwisha kuchukua moja chumbani, ameiviringisha kwenye kitenge, na amevaa viatu. Barua nitaipitisha kwako tukiwa njiani kwenda Makutupora. Malalamiko yabaki kama yalivyo, ila pale nilipoandika kamati, usome Noeli.