Bafu la Kuonjesha

Mwenyezi Mungu humpa kila mja riziki kwa njia yake. Wengine hupewa kwa jasho, wengine kwa elimu, na Gaudens alipewa kwa masikio. Jumamosi hiyo alikuwa kwenye kiti cha kinyozi ndani ya Galerie d'Ixelles, jijini Brussels, ndevu upande zimenyolewa na upande bado, aliposikia mama mmoja katika saluni ya pili akipiga kelele kwenye simu kana kwamba anataka asikike Lubumbashi bila mtambo.

"Nyumba iko mukubwa, trois étages, hapa Schaerbeek! Yote ni ya kutengeneza. Makuta ya kulipa iko, kile kiwanja ya marehemu bwana yangu tulishauzisha. Shida ni entrepreneur! Mie sijue hata mumoja!"

Gaudens akamhimiza kinyozi amalize haraka, Mungu asije akampa riziki hiyo mwingine.

Hapa yafaa tueleze kazi ya bwana huyu, maana yeye mwenyewe hupenda kuieleza vibaya. Ubavuni mwa gari lake jeupe la mizigo, alilolipenda kuliko nusu ya ukoo wake, aliandika kwa rangi ya buluu: GAUDENS & FILS, RÉNOVATION. Wana hakuwa nao, na ukarabati hakuwahi kuufanya. Kazi yake ilikuwa kupokea advansi. Alipima kuta, akatikisa kichwa kwa huzuni ya daktari, akachukua fedha za vifaa, kisha akaenda kuvileta Antwerp. Hapo ndipo wateja wake walipomwona kwa mara ya mwisho. Iko familia Anderlecht mpaka leo inaogea jikoni ikiisubiri Antwerp. Gaudens hakujuta. Wajinga ndio waliwao, alisema, na mtu lazima ale.

"Shikamoo, mama," akasema mlangoni mwa saluni, kidevu kinang'aa. "Samahani, nimesikia bila kutaka. Mimi ni mkandarasi."

"Ah, Mutanzania! Kiswahili ya kitabu!" Maman Mwadi akapiga makofi. "Donc ni Mungu njo amekutuma."

Gaudens alikubali kwamba ndiye aliyemtuma.

Kesho yake wakaikagua nyumba. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. "Vumbi iko mingi mule," alieleza mama. Ngazi zilitandikwa maboksi yaliyokunjuliwa, "chini yake iko mubovu, usianguke." Palinukia rangi mpya, "ni jirani." Mtaalamu wa uongo hakushtuka hata kidogo. Daktari naye huugua.

Sebuleni Gaudens akalitoa domo lake, lile la kumtoa nyoka pangoni. Akazungumzia misingi, unyevu na heshima ya marehemu. Kisha akaitaja advansi kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Maman Mwadi akaguna. "Papa, maneno yako iko tamu. Lakini bantu ba maneno tamu balishanikula. Alors, tufanye hivi: utengeneze chumba moya tu, salle de bain ya kule juu. Échantillon. Nikiona mukono yako iko muzuri, nyumba yote ni yako, na acompte yote ntakupatia ku mukono, liquide."

Taslimu! Gaudens akameza mate. "Sawa, mama. Basi kwa vifaa vya hicho kionjo, nipe kidogo tu ya kuanzia."

"Papa ingénieur, ku soko kwetu, mwenye kuuzisha karanga anakuonjesha kwanza. Haombake makuta ya kuonja."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Gaudens akapiga hesabu: bafu moja kwa fedha zake, dhidi ya advansi ya ghorofa tatu, halafu Antwerp ya milele. Akainama.

Kwenye duka la vigae mama hakudai chochote, na jambo hili lazima tulishuhudie mbele ya haki. Alisimama tu mbele ya vigae vya bei poa, akavitazama kama mtu anayetazama maiti ya asiyemjua, akasema, "Kama njo uwezo yako, papa, haina shida." Gaudens akahamia upande wa vigae vya Italia. Mbele ya mabomba akasema tena kwamba haina shida, na Gaudens akachukua bomba la mvua lenye kichwa kipana kama ungo. Mwishowe akanunua, kwa hiari yake na akili zake timamu, chuma cha ukutani cha kupashia taulo joto. Kwao Bukoba taulo hazijawahi kulalamikia baridi.

Akiba ikaishia kwenye vigae. Yaliyobaki yalilipwa na gari. Alimuuzia mtu mmoja wa Molenbeek, kwa haraka, na kwa bei ya haraka. Lilipokata kona Gaudens alilia. Alilia kweli, barabarani, mchana, mtu mzima mwenye kidevu kizuri. Sasa hakuwa na njia ya kurudi nyuma: ama aipate advansi ya mama huyu, ama abaki Brussels na miguu yake miwili.

Alifikiria kumtafuta fundi wa kweli. Mama akakataa. "Nataka kuona mukono yako, hapana ya mwingine." Ikabidi ajifunze kwenye simu, kutoka kwa mzee mmoja Mreno mwenye kipara, ambaye Gaudens hakuelewa hata neno lake moja lakini mikono yake aliielewa. Akachanganya gundi ya vigae ikakauka kwenye ndoo. Akabandika, akabandua. Maman Mwadi aliketi kwenye kigoda mlangoni akichambua sombe, majani yale ya muhogo, na mchana akamletea bukari, ugali wa kwao, na samaki.

"Njo huyu Ingénieur," aliwaambia wenzake wa kanisani, aliowaleta kwa zamu kuja kumtazama. "Muangalie vile anapima!"

Hicho ndicho kilemba cha ukoka, na kilimkaa Gaudens vizuri sana. Akaanza kupima hata visivyohitaji kupimwa. Siku aliyopitisha kidole kwenye maungio ya vigae akayakuta yamenyooka kutoka mlangoni hadi dirishani, aliketi sakafuni akatabasamu peke yake. Hakuwa amemaliza kitu chochote tangu alipoacha chuo. Alifurahi. Kisha akaona haya kwa kufurahi, akajikumbusha kwamba yeye ni tapeli mwenye mipango.

"Iko muzuri mpaka basi!" mama akasema. "Dimanche pasta anakuja kubariki nyumba. Acompte ntakupatia mbele ya bantu."

Jumapili Gaudens akafika na suti, na begi tupu. Alikwishatazama saa ya treni ya kutoka kituo cha Midi, na safari hii hata Antwerp ingekuwa karibu mno. Nyumba ilijaa waumini. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Ndani, makabati meupe yaling'aa, sinki linang'aa, na pembeni ya sinki alisimama Mustafa wa Tanga, tapeli mwenzake wa siku nyingi, ndani ya suti, na begi tupu.

"Wewe unafanya nini hapa?" Gaudens akamnong'oneza.

"Nasubiri advansi ya nyumba yote. Hili jiko ni kionjo tu."

Gaudens akageuka kuzitazama ngazi. Maboksi yalikuwa yametolewa: mbao mpya, vanishi safi, na Evans, Mkenya wa biashara ile ile ya advansi, ameegemea kishikio kwa fahari. "Si mnaona finishing?" akasema. "Nimeuza mpaka pikipiki."

Pasta akaombea milango, madirisha na mabomba. Kisha Maman Mwadi akasimama.

"Bapapa bangu batatu, mulinionjesha bien. Mustafa, cuisine: dix sur dix, kumi ku kumi. Evans, escalier: dix sur dix. Ingénieur Gaudens, salle de bain: ah, mie naogaka mule mpaka naimba! Nilisema mwenye mukono muzuri ntamupatia nyumba yote. Bon. Bote muko na mukono muzuri. Shida ni moya tu." Akafungua mikono. "Nyumba imeisha."

Waumini wakapiga vigelegele.

"Mama," Gaudens akasema, "tuheshimiane. Vile vigae ni hela yangu."

"Kweli kabisa, papa! Mie si mwizi. Ulete facture, na numéro ya TVA ya société yako, ntalipa leo leo."

Wakandarasi watatu, wasio na ankara wala namba ya kodi, ambao serikali ya Ubelgiji haikuwa na habari kwamba wapo, wakatazama dari. Dari nayo ilikuwa mpya. Hakuna aliyethubutu kuuliza ni kionjo cha nani.

Maman Mwadi akawasindikiza hadi mlangoni, kila mmoja na sahani ya kubeba. "Musikasirike. Dada yangu Océane iko na nyumba ku Auderghem, karibu na forêt, quatre étages. Anatafuta entrepreneur. Lakini ye ni muntu wa mashaka. Atapenda kuonja kwanza."

Nje kwenye baridi, wajanja watatu wakaangaliana. Evans akatukana kwa Kijaluo. Mustafa akaapa kwa Mungu kwamba mtu hapigwi mara mbili kwa fimbo moja. Gaudens akasema ni zuzu tu atakayekwenda Auderghem, wote wakakubaliana, wakapeana mikono, wakaachana kila mtu na njia yake.

Asubuhi yake Gaudens alikuwa ndani ya tramu ya Auderghem, na pima maji chini ya koti. Usiku mzima alikuwa amelifikiria jambo hili kwa utulivu. Kosa lake lilikuwa kuonjesha mno. Safari hii angefunga kioo kimoja tu cha chooni, basi, na ghorofa ni nne.

Kwenye kiti cha mbele yake alikuwa ameketi Mustafa, amepakata sanduku la vifaa. Wote wawili wakageukia dirishani.

"Naenda kumwona shangazi," Mustafa akasema.

"Na mimi pia," akajibu Gaudens.

Kwenye kituo kilichofuata milango ikafunguka, abiria wakaombwa wasogee, na Evans akapanda akiwa amebeba mlango.