Besi Mbili za Mama Randa

Jumatatu, 6 Mei

Mama Randa anaacha gitaa la besi! Seremala yule ndiye aliyeibeba bendi yetu mgongoni miaka kumi na tisa. Leo mazoezini katangaza kwamba bega limemgomea, anahamia kwenye kuimba. Nafasi yake ataitoa Jumamosi alasiri. Wagombea wawili. Mimi, fundi cherehani, mpiga gitaa la kusindikiza, mtu wa vipimo. Na Shemeji, mdogo wake mke wangu, muuza dawa, ambaye hata mwaka hajamaliza kwenye bendi. Nimeitaka nafasi hiyo tangu siku ya kwanza nilipomsikia Mama Randa akipiga. Sitaki kusema mengi. Ni yangu.

Dukani asubuhi: mteja kaja na vipimo vya kaka yake, anataka suti yake ikatwe kwa hivyo hivyo, eti wanafanana. Nikamrudisha. Nikamwambia hapa napima mwili ulio mbele yangu, sipimi ukoo.

Jumanne, 7 Mei

Karakanani kwa Mama Randa. Besi mbili ukutani, zote kazichonga mwenyewe. Jamani, mikono ile! Unapitisha kiganja kwenye mbao, huoni panapoanza wala panapoishia.

Zote mbili hazina vile vijichuma vya kukatiza shingo ya gitaa, vinavyomwonyesha mpigaji sauti iliko. Hapa unaitafuta mwenyewe. Kidole kikikosea upana wa sindano, sauti nayo imekosea. Ya kwanza ni fupi, nyekundu, na mahali pa vyuma pamepachikwa mistari ya mbao nyeupe. Ya pili ni ndefu, shingo nyeusi tupu. Haina mstari, haina nukta, haina huruma.

Mama Randa akapiga sauti moja kwenye ile ndefu, akaitelezesha kwenda juu taratibu. Ilikuwa kama mtu mzima anayeomba radhi na anamaanisha. Machozi yakanilenga.

Akasema tuchague, kila mmoja aondoke na yake. Shemeji hakuona haya! Kachukua yenye mistari, akasema yeye bado anajifunza. Mbele za watu! Mimi nikaikumbatia nyeusi. Mama Randa akaniuliza kama nina uhakika. Nikamjibu kwamba mistari ni ya watoto wa shule. Akanitazama kidogo, akarudi kupiga randa.

Jumatano, 8 Mei

Nimekaa nayo kutwa nzima. Mke wangu kachungulia mlangoni, akauliza ni nani anaumwa.

Ila saa nne asubuhi niliipata sauti moja sawasawa. Moja tu! Mke aliacha kupiga pasi. Chumba chote kilijaa. Sijui niliipataje, wala haikurudi tena.

Alhamisi, 9 Mei

Wazo! Mimi ni fundi nguo au si fundi nguo?

Nimekwenda kwa Shemeji, kisingizio ni kumpima gauni la bendi. Nilimkuta akifanya mazoezi, mlango umerudishwa nusu. Anarudia kipande kimoja. Mara thelathini, mara arobaini, bila kulalamika, na kila mara kinanyooka zaidi. Nilijisahau, nikasimama kibarazani namsikiliza. Bahati nikakumbuka kilichonileta.

Alipokwenda kuchemsha chai, nikatandaza karatasi ndefu ya kukatia nguo kwenye shingo ya besi yake. Nikaweka alama kila penye mstari. Dakika tatu! Chai nikainywa kwa utulivu mkubwa. Gauni nikasahau kulipima.

Nyumbani nikaihamishia karatasi kwenye besi yangu nyeusi. Chaki ya kitambaa, mistari myembamba, mtu wa mbali haoni. Kazi safi. Sijawahi kujipenda hivi.

Ijumaa, 10 Mei

Mazoezi. Vidole juu ya mistari, kama askari kwenye gwaride. Huku chini si mbaya. Huko juu pana kitu. Huenda ni nyuzi. Huenda ni joto.

Mke kaiona chaki. Akauliza mbona besi yangu ni ndefu kuliko ya mdogo wake lakini mistari imekaa vilevile. Nikamwomba aendelee kupinda suruali za watu.

Jumamosi, 11 Mei

Aibu gani hii!

Wimbo ulikuwa ule wa polepole, unaoanza chini na kupanda. Mstari wa kwanza nilikosea upana wa sindano. Wa tano, upana wa kifungo. Nilipofika juu nilikuwa nimekosea upana wa mfuko wa koti. Mpiga tarumbeta aliitoa tarumbeta yake mdomoni akachungulia ndani.

Mama Randa akaja, akapitisha kidole gumba shingoni, akakitazama. Cheupe. Suruali yangu nyeusi nayo imejaa chaki. Akauliza, kwa sauti ya chini, hivyo vipimo ni vya nani. Nilitamani ardhi ipasuke. Shemeji akawahi kusema ni vyake, kaniazima yeye mwenyewe. Kaniazima! Kumbe aliniona siku ile, na kanyamaza. Sistahili shemeji wa aina hiyo.

Kisha akapiga yeye. Hakuitazama mistari hata mara moja. Macho kafumba! Mama Randa akaichukua ile fupi mikononi mwake, akampa nyeusi, baada ya kuifuta vizuri, akamwambia aanze upya. Sauti tatu za kwanza alizitafuta. Ya nne ikatua. Kuanzia hapo ukumbi wote hatukupumua. Nilipiga makofi kuliko wote. Nililia pia, naandika hapa kwa kuwa hasomi mtu.

Nafasi ni ya Shemeji, na ile ndefu ni yake. Mimi nimepewa fupi yenye mistari. Mama Randa atanifundisha kila Jumanne, na akiridhika, siku Shemeji akiwa na zamu ya duka la dawa nitakaa pale mimi. Akaniomba kitu kimoja tu: nianze na mistari, kidole juu yake kabisa, bila haraka. Nikamwahidi kwa moyo wote. Mwanamke wa ajabu. Nimejifunza jambo kubwa leo.

Jumapili, 12 Mei

Nimefikiri vizuri. Kosa lilikuwa ile karatasi. Nimeichana vipande vipande.

Halafu, mtu mzima kuonekana na mistari? Nimeipaka rangi nyeusi ya viatu, mara mbili. Shingo inang'aa, tupu kabisa, utadhani ya Mama Randa mwenyewe.

Vipimo si tatizo. Leo mazoezini nilikaa nyuma ya Shemeji na futi yangu mkononi. Kila kidole chake kilipotua kwenye ile ndefu, nikapima kwa jicho, nikaandika. Anapiga vizuri mno, mara mbili nilisahau kuandika. Jioni hii nimevihamishia vipimo vyote kwenye fupi yangu. Mke kasimama mlangoni, akaitazama chaki, akarudi kwenye suruali zake.

Keshokutwa somo la kwanza. Mama Randa atashangaa. Safari hii nimetumia chaki ya bluu.