Kustaafishwa kwa Herufi H

Kurugenzi ya Ulinganifu wa Alama iliwatangazia kwa furaha wananchi wote wa Norwei kwamba, kuanzia tarehe mosi Machi, herufi H imestaafishwa katika muziki kwa heshima zote. Uchunguzi wa miezi kumi na minne ulikuwa umegundua kwamba nota za nchi hii huitwa A, H, C, D, E, F na G, mpangilio usioweza kuvumiliwa na kabati lolote la mafaili.

Habari hizo zilimkuta Gudlaug Tveiten, mpiga tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, wa mji wa Bergen, akiuza karatasi za chooni mlango kwa mlango. Bendi za shule huuza karatasi hizo ili zipate sare. Gudlaug aliuza zake ili seva isizimwe. Ndani ya seva hiyo mlikuwa na programu huria ya kuandikia nota, kazi ya watu wa kujitolea, iliyotegemewa na bendi mia tatu zisizojua nani anaitunza. Watunzaji walikuwa kumi na wawili. Wakaoa, wakazaa, wakachoka, akabaki yeye peke yake. Seva ingezimwa mwisho wa Mei, na karatasi zilikuwa hazinunuliki. Gudlaug aliogopa, tena sana.

Mkurugenzi, Halvard Hovland, akamwita ofisini.

"Seva tutawapa sisi," alisema. "Sharti ni moja tu. H itoke, B iingie."

"B imo tayari, Halvard. Sauti yake iko nusu hatua chini ya H."

"Kumbe mnazo zote mbili?"

"Ni nota mbili tofauti."

"Huo ndio urudufu tunaoupiga vita, dada."

"Ukizichanganya, wimbo wa harusi utageuka wa msiba."

"Hayo ni maoni ya mpiga tuba."

Gudlaug akakataa, akarudi kwenye karatasi zake. Lakini programu huria ni huria kweli: yeyote anaweza kuchukua nakala na kuifanya atakavyo. Kurugenzi ikachukua yake. Ofisa mmoja mwenye shahada mbili akabonyeza kitufe kimoja, na kila H iliyoonekana ikawa B. Kazi ya kwanza ilikuwa wimbo wa gwaride uliotungwa na Mkurugenzi mwenyewe. Karatasi ya awali ikachomwa kwa mujibu wa kanuni.

Tarehe kumi na saba Mei, sikukuu ya taifa, bendi ya shule ilisimama mbele ya Kurugenzi na kuupiga. Watoto walipiga kilichoandikwa. Wimbo ulianza kwa hatua mbili za uchangamfu, kisha ukainamisha kichwa. Wanaume wakavua kofia. Mtu akashusha bendera nusu mlingoti.

"Nani kafa?" aliuliza bibi mmoja.

Jirani yake akachungulia karatasi ya mpiga filimbi. "Balvard Bovland. Jina lake hili hapa juu."

"Maskini. Bila shaka ndugu yake ni yule pale jukwaani, tazama alivyosawajika."

Watu wakapanga foleni kumpa Mkurugenzi mkono wa pole. Alipokea pole mia moja na sita.

Jumatatu alibisha hodi kwa Gudlaug.

"Turudishieni H."

"Kwanza barua ya seva. Isiyo na sharti."

Akaitia sahihi pale pale, juu ya katoni ya karatasi za chooni. Gudlaug aliisoma mara mbili, machozi yakimlengalenga.

"Na wimbo wangu je?" aliuliza Mkurugenzi.

"Kwenye huo sasa B zote zinafanana. Lazima mtu akae, azisikilize moja moja, aseme hii ni B, hii ilikuwa H."

"Mtu gani?"

"Hapa tunajitolea tu, kaka. Karibu kiti."

Jumamosi ya tatu Mkurugenzi alikuwa bado kwenye ukurasa wa pili, kikombe cha kahawa kimepoa mkononi.

"Kweli hakuna njia ya haraka zaidi?" aliuliza.

"Ipo," alijibu Gudlaug, "ila inahitaji kamati."